Viti vya ofisi Mbeya: nimekalia vitatu, hiki cha fundi ndo kimeninyanyua

Naandika hii nikiwa nimekaa, na kwangu hiyo ni habari kubwa, maana mwezi wa sita kulikuwa na siku mbili nilikuwa nafanya hesabu za ofisi nimesimama, laptopu juu ya kabati la mafaili, kama muuza tiketi stendi. Kwaiyo kama we ni mtu wa kukaa kwenye kompyuta kutwa hapa Mbeya, au uko Iringa, Njombe, Tukuyu huko na kiuno kinakusumbua, soma hadi chini kabla hujaenda kumwaga hela yako kama nilivyomwaga mi.

Mi ni mhasibu, ofisi yetu inauza mbolea na pembejeo, iko upande wa Mafiat. Wanaoijua hii kazi wanajua, mvua zikikaribia kuanzia mwezi wa kumi wakulima wote wanataka mbolea wiki moja, kuinuka kwenye kiti ni mpaka uende chooni. Nina miaka 44, watoto watatu, urefu sentimita 157, urefu naomba muukumbuke maana ndo kiini cha kesi yote hii. Mgongo ulianza kuuma taratibu, kwanza nikasema ni baridi, si mnaijua Mbeya yetu, tuko mita kama 1,700 juu ya bahari, Juni na Julai asubuhi unaamka umekauka kama mkaa wa jana. Alafu maumivu yakahama yakashuka tako la kulia, yakaingia paja, kuna siku nimetoka Tunduma kwenye Coaster nimekalia kile kiti cha kukunja cha katikati, kufika stendi ya Nanenane nikashindwa kushuka, konda akanishika mkono kama bibi harusi. Watu wakacheka, mi nalia.

Sasa tuje kwenye viti.

Kiti cha kwanza ni cha ofisi, kile cha kuzunguka chenye magurudumu, nilikikuta nilipoajiriwa na sijui kilimkuta nani kabla yangu. Ugonjwa wake ni kwamba kinashuka chenyewe. Unakipandisha asubuhi, ikifika saa nne uko chini kidevu kinakaribia kibodi, unapandisha tena, saa sita uko chini tena. Mwishoni nikawa naweka mto wa nyumbani, wenye foronya ya maua, wateja wanaingia wanaona mhasibu kakalia mto kama mama aliyejifungua juzi. Huku kukishuka ndo kulikonimaliza, maana kiti kikiwa chini meza inakuwa juu, mabega yanapanda, shingo inavutika, na mgongo unakunja kama upinde. Mto nao unaweka tako moja juu moja chini. Nimekaa hivo miaka mitatu, sijui nilikuwa nawaza nini.

Kiti cha pili ndo kile ambacho mnanisubiria. Kiti cha bosi. Nilipopata mgao wa kikundi nikasema afya kwanza, nikaingia duka moja la fanicha mjini kati, jina silitaji, yako mengi yanayouza kitu hicho hicho. Kiti kikubwa, kirefu mpaka juu ya kichwa, cheusi cha kung'aa, kina mito mito mgongoni, mikono imenona, kijana wa dukani akanikalisha akakizungusha, akaniambia huu ndo mkao wa daktari mama, hiki ukikaa mgongo unajinyoosha wenyewe. Laki tatu na elfu arobaini. Nikalipa, nikakodi bajaji, kiti kikakaa nyuma kama abiria mimi nikakaa mbele kwa dereva nimening'inia.

Wiki ya kwanza nilikuwa malkia. Ofisi nzima ilikuja kukijaribu. Wiki ya tatu nikaanza kusikia ganzi kwenye mapaja na nyayo kuvimba, nikasema labda chumvi. Kumbe mwenzangu, kile kiti kimetengenezewa mtu mrefu! Kina cha kukalia, yaani kutoka mbele mpaka maegemeo, nilikuja kupima baadae ni sentimita 53. Mi nikikaa mpaka mgongo uguse nyuma, ukingo wa mbele unanibana nyuma ya goti na miguu inaning'inia kama mtoto wa chekechea. Nikisogea mbele ili miguu iguse chini, mgongo unabaki hewani hauna pa kuegemea, sasa hela yote niliyolipia maegemeo nimelipia nini? Alafu lile nundu walilosema ni la kushika kiuno, kwangu linanigusa katikati ya mgongo chini ya mabega, linanisukuma mbele. Kiuno chenyewe kiko kwenye uwazi.

Na hiyo ni kabla ya sponji. Miezi miwili na nusu sponji ikakaa, yaani ilibonyea haikurudi, nikawa nasikia ubao. Reksini, ile ngozi ya bandia, ikaanza kumenyuka kwenye mikono ya kiti kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, vipande vyeusi vinabaki kwenye sketi. Na mchana jua likiingia dirishani unatoa jasho makalioni hapa hapa Mbeya penye baridi, reksini haipumui hata kidogo. Nikarudi dukani na risiti. Nikaambiwa waranti ipo ila inahusu gesi na magurudumu, sponji na reksini ni matumizi. Ni matumizi! Sasa kiti kina kitu gani kingine cha kukalia zaidi ya sponji? Kijana yule yule, safari hii mama hakuniita, kaniita mteja.

Siwasingizii kwamba viti vyote vya dukani ni vibaya, hapana. Kuna dada wa ofisi ya jirani ana kile cha neti mgongoni, kinapitisha hewa, maegemeo yanapanda na kushuka, na cha kukalia kinateleza mbele na nyuma. Hicho nilikikalia nikakisikia kabisa. Ila bei aliyoitaja nikanyamaza nikanywa chai yangu. Ninachosema ni kwamba hivi vya kung'aa vya bei ya katikati vinauza unene. Ukikuta kiti kimenona ujue unanunua muonekano.

Hapo katikati nilipitia na mambo mengine ya hovyo, nitayapita haraka. Mkanda wa kiuno, elfu 35, unasaidia ukiwa unabeba ndoo, ila ukiuvaa kutwa umekaa unakubana tumbo tu na ukiuvua unajisikia umevunjika zaidi. Mafuta ya kuchua, yananukia vizuri, mume wangu amelalamika. Diklofenaki, dawa ya maumivu, nilikuwa nameza kama karanga mpaka tumbo likaanza kuchoma, hapo ndo nikaogopa nikaenda hospitali, na jamani msifanye hivo, hizo dawa zinachubua tumbo.

Hospitali sikupewa eksrei, nikakasirika, nikaona nimedharauliwa. Daktari akanigonga magoti na kale kanyundo, akaninyanyua mguu nikiwa nimelala, akaniuliza kama nashindwa kuzuia mkojo, kama nina ganzi sehemu za siri, kama mguu unalegea nikitembea, kama nimepungua uzito bila sababu au nina homa. Vyote hamna. Akasema hayo ndo ya kukimbiza mtu hospitali siku hiyo hiyo, mengine mengi ni misuli na pingili zimechoka na mkao, picha mara nyingi haibadilishi matibabu. Akanipeleka kwa mtu wa fiziotherapia, tiba ya mazoezi ya viungo, kijana mdogo kabisa, nikamdharau kidogo moyoni, Mungu anisamehe, maana yule ndo alinifungua macho.

Kwanza alinichekesha, akasema usijione una mkosi, Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, we ni mmoja. Alafu akaniuliza kitu ambacho hakuna muuza kiti aliyewahi kuniuliza: ukikaa, miguu yako iko wapi? Nikamwambia inaning'inia. Akasema basi kiti chako sio chako. Akanieleza nyayo zikae bapa chini, goti likunje karibu pembe mraba, nyuma ya goti kibaki kiuwazi cha vidole viwili vitatu, kiwiko kiwe usawa wa meza, juu ya skrini pawe usawa wa macho. Na maegemeo yasiwe wima kama askari, yalale nyuma kidogo. Akasema hata kiti cha milioni ukikaa saa tatu mfululizo kitakuumiza, kwaiyo kila nusu saa inuka, hata kama ni kwenda kuchungulia mvua. Mazoezi akanipa ya kulala kifudifudi najinyanyua kwa viwiko, na kutembea. Kulala kitandani kutwa akakataa kabisa.

Kutoka pale nikawaza, kama kila kitu ni vipimo, si niende kwa mtu wa futikamba?

Sasa kiti cha tatu. Hapa naomba mkae vizuri (mkiweza).

Mafundi wa mbao Mbeya wako kila kona, ila mi nilienda soko la Sido kule Mwanjelwa, kuna mzee pale ana banda la mabati, kazi yake hasa ni makochi na vitanda. Nilifika natembea upande upande kama kaa. Nikamwambia shikamoo fundi. Akasema marahaba mwanangu, we ni mgongo. Hata sijafungua mdomo! Nikamweleza, nikamuonyesha karatasi ya kijana wa hospitali, akaisoma akiwa ameshika msasa, akasema hapa kuna kazi ya kiti lakini sitengenezi kiti bila kuona meza. Nikamwambia meza ya nini, kinachouma ni mgongo. Akasema mwanangu, kiti na meza ni mke na mume, huwezi kumsikiliza mmoja.

Kesho yake akaja ofisini na bodaboda, kofia ya sufu, futikamba mfukoni. Akanikalisha juu ya boksi la sampuli za mbolea akanipima kutoka nyuma ya goti mpaka kisiginoni, 41. Akanipima tako mpaka nyuma ya goti, akatoa vidole vitatu, akaandika 40 (kumbukeni kile cha bosi 53, sentimita 13 nzima zimezidi hapo). Akapima kutoka kwenye boksi mpaka kiwiko, 23. Alafu akapima meza, 76. Akakaa kimya, akahesabu kwa midomo, akasema ndo hapa ugomvi ulipo. Nikikutengenezea kiti cha 41 miguu itafurahi, lakini kiwiko kitakuwa 64 na meza iko 76, utachapa mikono imepanda kama unaogopa mbwa. Nikikutengenezea cha kufikia meza, miguu itaning'inia tena.

Mi hapo mhasibu mzima, miaka ishirini na namba, sikuwahi kuijumlisha hiyo hesabu.

Suluhisho lake: kiti 48, chini kibao cha kukanyagia cha sentimita 7, na meza ikatwe miguu sentimita 5 iwe 71. Arobaini na nane jumlisha 23 ni 71, imefunga kama mizania. Tatizo meza sio yangu, ni ya ofisi. Nikaenda kwa bosi najikuna, naombaje kukata meza ya watu? Bosi akasema kata, ile meza imekuwepo toka tunauza jembe la mkono, lakini ukihama uache miguu yake, akacheka peke yake.

Kiti chenyewe ni fremu ya mninga, miguu minne ya kawaida, hakizunguki wala hakina magurudumu. Nilitaka paina ili kipungue bei, si tuna misitu ya Sao Hill hapo Mufindi na mbao zinashuka kila siku, akasema paina nzuri kwa paa na makabati ila maungio ya kiti yanayumbishwa kila dakika, paina laini itaanza kulia mwaka wa kwanza, hapa tuweke mninga, ile ya chini ya sponji ndo tuweke pleiwudi. Sponji akaniwekea tabaka mbili, ngumu chini inchi mbili, laini kidogo juu inchi moja, akanikalisha kwanza kabla hajaifunga, akaibonyeza kwa ngumi akaniambia ukikaa usiuguse ubao ila usizame. Ukingo wa mbele akauzungushia usiwe kona, ndo usikate paja. Maegemeo yamelala nyuma kidogo na yana mto mdogo wa kiuno, umefungwa kwa kamba mbili unaupandisha au kushusha mpaka ukukute. Kitambaa cha kochi, sio reksini.

Bei ilikuwa kiti 165,000, kibao cha miguu 12,000, kukata meza 10,000. Jumla 187,000. Cha bosi kilikuwa 340,000, fanyeni hesabu wenyewe.

Ubaya wake nausema pia, maana naona watu wanasifia mafundi kama malaika. Aliniahidi wiki moja, kilikuja siku ya kumi na sita, na kila nikipiga simu umeme ulikuwa umekatika, hata siku ambazo kwetu umeme upo na ni mtaa wa pili tu. Kitambaa niliagiza kijivu, kimekuja rangi ya maharage ya soya, akasema kijivu kiliisha na hii inaficha uchafu. Kiti ni kizito, kufikia mafaili yaliyo nyuma lazima niinuke (kijana wa fiziotherapia nilipomwambia akasema hiyo sio kasoro, hiyo ndo dawa). Miguu ilikwaruza vigae mpaka nikagundisha vipande vya kandambili kuukuu chini. Na mikono ya kiti hamna, mi sikuitaka maana inagonga meza, ila kama unapenda kuegemeza viwiko mwambie mapema. Mtu mrefu akikikalia analalamika vibaya sana, lakini hicho ni changu, aende akapimwe chake.

Sasa, matokeo. Nina miezi minne. Sitawadanganya kwamba nimepona kama shuhuda za kanisani. Ganzi ya mapaja iliisha wiki ya kwanza, hiyo ni hakika, na miguu haivimbi. Maumivu ya tako yalichukua karibu miezi miwili kutulia na nadhani mazoezi na kuinuka inuka ndo vimefanya nusu ya kazi, kiti kimefanya nusu. Nikisafiri bado naumwa, barabara ya kwenda Tunduma na malori yake haina kiti cha fundi. Ila kazini namaliza siku, narudi nyumbani nasonga ugali nimesimama bila kushika ukuta. Skrini nimeiinua kwa rimu mbili za karatasi, bure.

Naomba niongeze kitu kuhusu kile cha kwanza, kinachoshuka, maana najua ofisi nyingi mnavyo na mnavitupa stoo. Ile nguzo ya katikati ina gesi ya naitrojeni imeshindiliwa, sili ikichoka ndo kinashuka. Kuna fundi wa kuchomelea mmoja alitaka kukipiga weldi pale pale kisimame moja kwa moja. MSIFANYE HIVO. Ile silinda ina presha, ukiipasha moto au ukiitoboa inaweza kulipuka, na we umekaa juu yake, fikiria mwenyewe inaelekea wapi. Mzee wangu fundi wa Sido alifanya kitu cha akili zaidi, alichukua kipande cha bomba la plastiki la maji, akakipasua kwa urefu, akapandisha kiti mpaka urefu unaotakiwa, akalivalisha bomba kwenye ile fimbo ya chuma inayong'aa, sasa kiti kinaegemea bomba hakishuki. Hakipandi wala hakishuki tena, kimeganda kwenye urefu mmoja, ila ukipimwa vizuri unataka kupanda uende wapi? Elfu 15 na sehemu kubwa ilikuwa nauli yake. Sa hivi anakikalia binti wa mapokezi, ambaye yeye ni mrefu, kwaiyo bomba lake lilikatwa kwa vipimo vyake.

Na kwa mabosi mnaopita hapa, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haizungumzii mashine za kusaga na migodi tu, mwajiri anatakiwa mazingira ya kazi yasimuumize mtu, ofisini humo humo pia. Wa kwangu sikumtajia sheria, nilimtajia siku nilizokosa kazini mwezi wa sita nikazidisha na mbolea ambayo haikuandikiwa risiti, akaelewa haraka zaidi. Ameagiza viti viwili vya watu wa stoo, ameanza kubishana na mzee kuhusu bei, namwonea huruma, hajui anabishana na nani.

Kile cha bosi? Nilijaribu kukiuza laki moja, hakuna aliyefika. Kiko sebuleni, watoto wanasukumana nacho kutoka mlangoni mpaka jikoni, gurudumu moja limeshatoka, na hilo waranti ilikuwa inalihusu ila muda umepita kwa wiki mbili.

Ukitaka kwenda kwa mzee ingia Sido kwa upande wa mafundi makochi, uliza banda la mzee wa kofia ya sufu, au sema unataka kama cha mhasibu wa mbolea, atajua. Nenda asubuhi, na viatu unavyovaaga kazini, mi siku ya kupimwa alinikuta na ndala akanirudisha nyumbani nikabadilishe kwanza. Ukiambiwa wiki moja, weka mbili na nusu.